Mwaka wa Kunuswa Mdomo

Akello alikuja kwenye arubaini ya Mama amevaa gomesi ya kijani inayong'aa, mkanda wake umefungwa chini ya tumbo kama mama wa bwana harusi, na nilipomwona akiingia getini nilitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti mbele ya kila mwanamke aliyekaa mkekani, akasalimia kwa Kiswahili kile kile cha kambi ya polisi tulichokulia, kisha akalia. Alilia kwa sauti kutushinda sisi wenye msiba. Shangazi Hadija, dada yake baba, alimpigapiga mgongo na kusema, "Nyamaza mtoto ya Afande, nyamaza. Huyu mtoto iko na roho mzuri tangu zamani." Mimi nilikuwa nyuma ya tenti napakua pilau, na niliposikia hayo maneno ya roho nzuri niligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mpaka binti aliyekuwa akishika sahani akaniangalia. Tangu nikiwa kidato cha tatu sikuwa nimezungumza na Akello. Nilikuwa nimemkwepa harusini, sokoni, hata siku moja kwenye foleni ya hospitali, na sababu yangu niliijua vizuri, au nilidhani naijua.

Shule yetu sitaitaja. Ilikuwa ya bweni, ya wasichana, juu ya kilima upande wa kule ukishapita Kalerwe, na waliokuwa wanapita barabarani waliona ukuta mweupe na maua, wakasema hapo ndipo watoto wanaposoma. Ndani ya ukuta kulikuwa na mabweni marefu yenye vitanda vya chuma vya ghorofa mbili, masanduku ya bati yaliyofungwa kwa kufuli, na harufu ya ndala mbichi ambayo haikuisha mwaka mzima. Mimi na Akello tulilala kitanda kimoja, yeye juu, mimi chini. Tulitoka kambi moja. Baba yake alikuwa mkubwa wa kambi, wangu alikuwa konstebo, lakini bwenini jambo hilo halikuhesabika. Kilichohesabika ni kwamba sisi wawili tulizungumza Kiswahili. Wenzetu wengi walikuwa Waganda na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya maaskari na wezi, kwa hiyo walikuwa wakituogopa kidogo na kutucheka sana. Usiku taa zikizimwa tulinong'ona kwa lugha yetu kuhusu matroni, kuhusu walimu, kuhusu nani anakoroma, na hakuna aliyetuelewa. Sijapata tena rafiki wa namna hiyo. Nikiwa na hasira huwa nasema sikuwahi kuwa naye, lakini nilikuwa naye, ndiyo maana mambo haya bado yananiuma.

Pombe ilikuwemo. Wazazi wanaodhani pombe iko nje ya ukuta na ukuta ndio dawa, nawaonea huruma. Siku hizo waragi iliuzwa kwenye vipakiti vya plastiki visivyozidi kiganja, tuliviita sacheti, na viliingia shuleni kwa kila njia: ndani ya mkate uliochimbwa katikati ukafunikwa tena kwa uso wake, ndani ya soksi, ndani ya chupa ya shampuu iliyooshwa. Siku ya wageni ikipita, chumba cha kulia kilijaa vicheko vya ovyo na msichana mmoja au wawili walilala juu ya maharage yao. Walimu walijua. Mmoja wa walimu wa zamu mwenyewe alitafuna karafuu tangu asubuhi, na hatukuhitaji kufundishwa kwa nini. Dawa ya shule ilikuwa moja: kunusa. Tulipangwa mstari, mwalimu akapita na kusema "puliza", tukapuliza, na aliyenuka akaondoka. Katika mwaka huo sikusikia mtu mzima yeyote akiuliza kwa nini watoto wanakunywa. Na sababu hazikuwa siri. Jumapili, tangu chakula cha mchana mpaka cha jioni, geti lilifungwa na hakukuwa na kitu cha kufanya isipokuwa kukaa juu ya kitanda na kusubiri kengele. Alama za mtihani zilisomwa kwenye paredi kuanzia wa mwisho, kwa sauti, na wa mwisho akasimama mbele mpaka wa kwanza atajwe. Wasichana walikunywa kabla ya paredi ya namna hiyo kama watu wanavyokunywa panadoli.

Akello alianza muhula wa kwanza. Alama zake zilikuwa za katikati tu, lakini baba yake alizichukua akazisoma ofisini mbele ya askari wake, akiwauliza kama mtoto huyu anafaa kuitwa wake. Alinisimulia haya akicheka. Kisha akasema, "Saida, ukimeza ile kitu, hata kengele nalia pole pole." Sikumhubiria. Nilimwambia tu asinimwagie kitandani. Watu wanaponiuliza, na wananiuliza kwa sababu sasa nina watoto wa umri huo, kwa nini mimi sikunywa, wanategemea niseme dini. Dini ilinisaidia, sikatai, lakini wasichana waliofunga mtandio kuliko mimi walikuwa wakinyonya sacheti chooni. Mimi nilikuwa na kitu kingine. Siku Mama aliponileta shuleni, aliniweka sawa kola ya shati akasema, "Wasichana ya watu siwezi kujua. Wewe nakujua." Basi. Hakuongeza nasaha. Maneno hayo niliyabeba kila siku kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba, na kila sacheti ilipopita mbele yangu nilikumbuka kwamba kuna mtu mahali fulani ambaye hana haja ya kuninusa.

Tulikuwa Waislamu wachache pale, na kila mmoja alikuwa na birika lake la kutawadhia, la plastiki, lenye shingo ndefu. Langu lilikuwa la bluu na nililiweka chini ya kitanda upande wa ukuta. Matroni wetu tulimwita Nalongo, kwa kuwa alizaa mapacha, mama mnene mwenye kucheka, ambaye ukaguzi wake ulikuwa wa kutisha: aligeuza godoro, alifungua sabuni, alinusa hata chupa ya dawa ya kikohozi. Lakini birika hakuligusa. Mtu fulani zamani alikuwa amemwambia kwamba Mkristo akigusa birika la Mwislamu, sala ya mwenye birika inaharibika mpaka siku arubaini zipite, na Nalongo, ambaye hakutaka kugombana na Mungu wa mtu yeyote, aliliamini hilo kabisa. Alipofika kitandani kwangu aliinua sketi yake kidogo akalizunguka birika kama mtu anayepita mtoto aliyelala. "Bambi, hiyo ya Katonda," alisema, ya Mungu hiyo, akaendelea. Sikuwahi kumrekebisha. Niliona ni heshima, na heshima kwetu pale haikuwa nyingi. Akello alilala juu ya heshima hiyo kila siku na kuitazama. Yeye ndiye aliyenijazia maji, kwa sababu bomba lilikuwa mbali na yeye alikuwa na miguu mirefu. Ilikuwa kazi yake ya urafiki, nami nilimsukia nywele.

Siku ya wageni ya muhula wa pili mama zetu walikuja pamoja. Walitandika mkeka mmoja uwanjani. Mama alileta pilau, kofuta za nyama, na gurusa, mkate mwembamba wa Kinubi ambao mama yake Akello aliupenda mno, na mama yake Akello alileta kuku wawili wa kukaanga. Naukumbuka mkono wa Mama ukichagua paja zuri na kuliweka kwenye sahani ya mke wa Afande kabla hajatupa sisi. Walizungumza habari za baba yangu, ambaye alikuwa amepelekwa Karamoja na aliandamwa na homa huko. "Kule baridi ya usiku, mchana moto, na maji hakuna," Mama alisema, "mwanaume anaweza kufa na mtu hajui." Mke wa Afande alitikisa kichwa akala gurusa. Akello aliniminya mguu kwa siri tukaenda kuzunguka na wasichana wengine, na sikumwona tena mpaka magari ya wazazi yalipoondoka.

Jua lilikuwa linazama nilipochukua birika langu kwenda kutawadha. Lilikuwa limejaa. Nilidhani Akello ameshanijazia, nikasema moyoni Mungu ambariki. Nilichuchumaa kwenye mfereji nyuma ya bweni, nikanawa viganja, na mikono ikahisi baridi ya ajabu, lakini upepo ulikuwepo na nilikuwa nawahi. Nikamimina kiganjani nikasukutua. Mdomo wangu wote uliwaka. Kwanza nilidhani ni parafini. Nilitema, nikakohoa, nikatema tena, machozi yakanitoka, na kabla sijanyoosha mgongo Madamu wa zamu alikuwa amesimama juu yangu, kwa maana kelele zangu zilikuwa zimeita nusu ya bweni. Alichukua birika, akalinusa. Kisha akainama usoni kwangu akasema, "Puliza." Nilipuliza. Ningefanya nini? Nilinuka kama baa ya Wandegeya.

"Madamu, nilikuwa natawadha," nilisema.

"Unatawadha na waragi?"

Wasichana walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Akello alikuwa amesimama kwenye baraza, taulo begani, na nilimwona akiniona. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote. Nilimwambia kwa Kiswahili, kwa lugha yetu, "Akello, waambie. Sema sasa." Madamu aligeuka akamuuliza, "Huyu anakuambia nini?" Na Akello, ambaye alinong'ona Kiswahili juu ya kichwa changu kila usiku, ambaye alizaliwa ndani yake, akajibu kwa Kiganda kwamba hajui, kwamba Kiswahili changu hakielewi. Nimeshasikia uongo mwingi maishani. Nimeolewa mara mbili. Lakini ule ndio ulionitoa pumzi.

Mwalimu mkuu alimwita Mama asubuhi iliyofuata. Ofisini kulikuwa na vikombe vya ushindi kwenye kabati la kioo na chai ambayo hatukukaribishwa. Alizungumza polepole, kama mtu mwenye huruma, akasema shule ina jina, wazazi wana maswali, na ni heri niondoke kimya kabla habari hazijafika mbali. Nalongo alikuwa amesimama mlangoni analia. Yeye peke yake alisema, "Naye Madamu," lakini Madamu, "huyu mtoto…" na mwalimu mkuu akamwambia arudi bwenini. Mimi nilimtazama Mama. Nilikuwa nasubiri aseme kile alichosema siku aliyonileta, kwamba ananijua. Mama alitazama mikono yake. Kisha alisimama, akavuta gurbaba yake, shuka la Kinubi, begani, akasema asante. Alisema asante! Njia nzima mpaka nyumbani nilikaa nimekumbatia sanduku la bati, na birika likiwa mapajani mwangu, tupu.

Nyumba yetu kambini ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, katika safu ndefu ya vyumba vya mabati ambako jirani akipiga chafya unamwambia pole. Mama alifunga mlango. "Fungua mdomo," alisema, akaninusa, ingawa harufu ilikuwa imekwisha kitambo. Nilimwambia yote: bomba, birika, Nalongo, kiganja, Akello. Nilimwambia jina la Akello mara nyingi. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Hapana taja mtoto ya Afande kwa hii mdomo. Unajua hii nyumba iko ya nani? Unajua nani natuma baba yako, nani narudisha?" Nikamwambia, "Mama, wewe ulisema unanijua." Alisogeza pazia akaenda kuwasha sigiri. Kilichokuwa kinanitesa hakikuwa shule tena. Niliona kwamba kama Mama haniamini, basi sina ninapoanzia.

Walinitafutia shule ya kutwa huko chini, karibu na Namuwongo, darasa la mbao linalotikisika treni ya mizigo ikipita. Hapo hapakuwa na ukuta wala maua. Mbele ya shule kulikuwa na kibanda, na sacheti zilining'inia kwenye kamba mlangoni pamoja na biskuti, na mwenye kibanda alikupa chochote ulichokinyooshea kidole. Sifa yangu ilifika kabla yangu. Siku ya kwanza kuna mvulana aliyeinuka na kunipisha kiti kwa heshima akasema, "Profesa wa sacheti amefika." Hakukuwa na ubaya ndani yake, walinipokea vizuri kuliko nilivyowahi kupokewa mahali popote. Mchana waliketi kando ya reli, wakapasua kona za vipakiti kwa meno, na kunikaribisha kama mgeni wa heshima. Msichana mmoja, Joweria, mpole sana, aliyekuwa na meno yenye nafasi mbele, alinishikisha kimoja kilichofunguliwa tayari. "Wamma Saida," alisema, yaani jamani Saida, "si walikufukuza kwa ajili ya hii? Adhabu umemaliza. Sasa unaogopa nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kila mtu ambaye maoni yake yalikuwa na maana kwangu alishaamini kwamba nakunywa. Kutokunywa kulinifaa nini? Nilikishika kile kipakiti. Harufu ikanijia, ile ile ya mferejini, na mate yakanijaa. Nilifikiria jioni, nikifika mlangoni kwetu, na pua ya Mama. Nikamrudishia Joweria, nikamwambia nina homa. Siku nyingine nilisema nina jino, na nyingine nafunga. Leo wataalamu wanakuja kwenye shule za watoto wangu na kuzungumza juu ya ustahimilivu, wakiuchora ubaoni na mishale, na mimi nakaa nyuma nikijiuliza wangu ungechorwa wapi. Sikukataa kwa sababu nilikuwa jasiri. Nilikataa kwa hasira. Nilitaka Mama aninuse na kukosa, aninuse na kukosa, mpaka siku moja achoke, aketi chini, aseme, mwanangu, nilikosea. Nilikuwa tayari kusubiri. Siku nzima niliishi kwa ajili ya ile dakika ya mlangoni, uso wake karibu na wangu, wenye harufu ya vitunguu na ubani, macho yake yakitazama pembeni ya sikio langu. Alikuwa akinusa, anasema "ingia", anarudi kwenye sufuria.

Likizo kabla ya muhula wa tatu, Mama alinituma Kalerwe kununua utumbo na nyanya, wakati nyanya zilikuwepo kwa jirani na utumbo hatukuwa tumekula tangu baba aondoke. Nilirudi mapema kuliko alivyotegemea. Nilipofika barazani nilisikia sauti ya mke wa Afande ikisema, "Mzee yangu atafanya. Mwezi hii hii." Na ya Mama ikajibu, "Basi. Yeye iko mtoto tu, atazoea." Mke wa Afande alitoka, akanishika shavu, akaenda zake bila salamu. Ndani kulikuwa na vikombe vya chai mkekani, vitatu, na Mama alikuwa anaosha uso. Nilimuuliza nani mwingine alikuwa hapo. "Wageni ya baba yako," alisema. Nilidhani "atazoea" ilikuwa habari ya mdogo wangu, aliyekuwa analilia baba kila usiku. Mwezi haukuisha, baba akarudi Kampala, amekonda, macho ya njano, na kambi nzima ilikuja kumpa mkono. Nilifurahi sana. Nilisaidia kukaanga sambusa za kumkaribisha.

Siku moja muhula huo wa tatu nilipitia kwa Joweria tukanywa bushera ya bibi yake, uji wa mtama ule mchachu ambao hata mtoto wa kunyonya huonjeshwa. Nilipofika nyumbani Mama alinusa, akasita, akanusa tena. Baba alikuwa amekaa kitandani na redio. Sijui Mama alimwangalia nani wakati ule, mimi au yeye. Alinisukuma nje barazani akaniambia nikae hapo mpaka harufu iishe, na nilikaa, wake wa askari wakipita na ndoo zao, wakiguna, mmoja akisema kwa sauti ya kutosha, "Bado tu nakunywa, masikini." Sikulia. Nilijiambia, kesho pia hatapata kitu. Na keshokutwa. Aliendelea kuninusa mpaka nilipomaliza shule, na siku nilipoacha kunuswa hakusema neno lolote. Aliacha tu, kama mtu aliyesahau. Nimemwuguza miaka yake ya mwisho, nimemlisha kwa kijiko, na bado nilikuwa nasubiri aseme.

Kwa hiyo watu walipokuwa wamekula siku ya arubaini, na Akello akaja nyuma ya tenti, akakunja mikono ya gomesi yake na kuanza kuosha sahani bila kuombwa, nilimwacha aoshe. Alikuwa amezeeka vibaya kuliko mimi, nilifurahi kuliona hilo. Alisema, bila kuniangalia, kwamba alikunywa miaka mingi, kwamba ilimlia ndoa na ini, kwamba sasa ameacha na anahudhuria kikundi cha watu wa namna yake kila wiki. Nilimwambia hongera kwa namna ambayo mtu mwingine angeondoka. Hakuondoka.

"Mama yako alinipenda," alisema. "Hata baada ya mimi kumwambia."

"Kumwambia nini?"

Aligeuka na povu mikononi. "Birika. Saida, si nilimwambia? Ile likizo. Nilipiga magoti kwenye mkeka yenu, Mama yangu iko hapo, nikasema ni mimi niliweka, Saida hapana jua kitu. Mama yako alilia. Alinishika kichwa. Alisema yeye mwenyewe atakuambia, tuache kwanza baba yako arudi." Alinisoma uso. "Mimi miaka yote najua unajua. Nilijua unajua na bado hutaki kuniona."

Nilikaa chini juu ya gunia la mkaa. Nilihesabu vikombe vitatu. Nilihesabu muhula wa tatu, na bushera, na baraza, na wake wa askari na ndoo zao. Kila jioni ile mlangoni, uso wake karibu na wangu, alikuwa anajua kwamba hakuna cha kunusa, na alinusa. Angeacha, kambi ingeuliza kwa nini ameacha, na jibu, kwamba mwenye waragi ni mtoto wake, lingepanda mpaka mezani kwa Afande, aliyeshika uhamisho wa baba. Haya nayaelewa. Mimi pia ni mama. Najua mume mgonjwa aliye mbali ni nini. Lakini Afande alistaafu. Baba alikufa. Kambi tulihama. Miaka ilipita mingi ambayo ndani yake palikuwa na nafasi ya sentensi moja.

Shangazi Hadija alikuja kutuita, dua inaanza. Nilimuuliza hapo hapo, nikiwa bado juu ya gunia. "Shangazi, ulijua kwamba sikunywa?"

Aliangalia Akello, akaangalia chini. "Sisi yote tulijua, mwanangu. Baba yako hapana, yeye aliambiwa umekosa, ukasamehewa. Lakini wewe ulikuwa na nguvu. Mama yako alisema, huyu hata ukimbebesha, anabeba." Alisema hivyo kama sifa, akaninyooshea mkono niinuke.

Wanawake walikuwa wamejipanga mkekani, na shehe alikuwa upande wa pili wa pazia la tenti, akisoma. Shangazi alinikalisha katikati yake na Akello. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijainuliwa, shehe huyu alikuwa ameuliza, kama ilivyo ada yetu, ni nani ambaye marehemu alimkosea, amsamehe sasa ili asiende na mzigo. Na mimi nilijibu wa kwanza, kwa sauti kubwa, nimemsamehe, kwa sababu nilidhani kosa lake lilikuwa moja tu, kutoniamini. Sasa alimaliza kusoma akauliza tena. Alisema, ndugu zangu, dada zetu, kama kuna aliyebaki na jambo moyoni juu ya mama huyu, kubwa au dogo, semeni mmemsamehe.

"Tumemsamehe," walisema wote, wanaume na wanawake. Shangazi alisema, na kunigusa goti. Akello, Mkristo wa watu, alisema kwa sauti kuliko wote. Shehe alingoja kidogo, maana kwa kawaida mtoto wa marehemu husikika, kisha akaendelea na dua bila mimi.